Malalamiko ya Haron Mungai Juu ya Nyumba Yake Kutopigwa Mnada

Haron Mungai,
Kitisuru, Nairobi.
16 Machi 2007

Kwa Meneja,
Idara ya Mikopo ya Nyumba,
Benki ya Makao Mema,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KUFUTWA KWA MNADA WA NYUMBA YANGU BILA MIMI KUULIZWA

Nimeipokea barua yako ya tarehe 5 mwezi huu. Umenijulisha kwa mistari mitano kwamba nyumba yangu haitauzwa tena, kwamba mkopo wangu ulikuwa umekwisha tangu Oktoba, na kwamba Benki inasikitikia usumbufu wowote uliojitokeza. Nashukuru kwa heshima hiyo. Hata hivyo, baada ya kungoja siku kumi na moja ili hasira zipoe, nimeona sina budi kulalamika rasmi.

Ili usihangaike kutafuta faili, nikukumbushe kidogo. Mimi ni mstaafu. Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapishaji, na kazi yangu ilikuwa kukamata makosa ya watu wengine kabla hayajafika kwa umma. Mwaka wa 2004 Benki ilibadilisha mashine zake ikanitumia namba mpya ya mkopo. Aliyeiandika aliweka moja mbele ya saba, palipotakiwa saba mbele ya moja. Mimi nikainakili kama mlivyoiandika, nikapanga foleni kwenu kila mwisho wa mwezi, nikalipa. Kwa miezi ishirini na sita pesa zangu zikawa zinalipia fleti ya mtu nisiyemjua huko Ngara. Novemba mwaka jana mkaniandikia kwamba sijalipa hata senti moja tangu mashine zije, na kwamba nyumba itapigwa mnada.

Nilikuja na stakabadhi zote. Bi. Becky wa kaunta namba tatu alizipitia moja moja kwa upole, kisha akasema, "Mzee, hizi zinaonyesha pesa ililipwa. Hazionyeshi ni wewe ulilipa." Nikamwonyesha jina langu juu ya kila moja. Akanijibu kwamba mashine haisomi majina.

Hayo siyalalamikii. Ninayolalamikia ni haya:

1. Mmetuondolea jirani. Tumeishi Kitisuru miaka kumi na miwili katika nyumba iliyo ndogo kuliko zote kwenye njia yetu. Huku kuta ni ndefu, na watu husalimiana kwa honi. Siku Bw. Jamleck, dalali wenu, alipokuja kubandika notisi langoni, alikuwa hana maji ya kukorogea gundi, akabisha hodi. Mke wangu Wangeci akampa maji, akasimama pale kumtazama, akamwambia, "Hiyo karatasi imeenda upande. Ibandike vizuri, watu wa hapa wanaangalia."

Na kweli walikuwa wanaangalia. Kesho yake alikuja Bi. Nzembi, jirani wa ukuta wa kulia, ambaye kwa miaka yote hiyo tulimjua kwa sauti ya mbwa wake tu. Alisema amekuja kukagua nyumba kama mnunuzi. Alikagua jikoni kwa saa tatu, akanywa chai mara mbili, akasimulia habari za marehemu mumewe mpaka leso ya Wangeci ikalowa machozi. Baada ya hapo alikagua jikoni kila Alhamisi. Sasa hakuna cha kukagua. Alhamisi iliyopita Wangeci alichemsha maziwa ya watu watatu, tukayanywa wawili.

2. Mmeninyang'anya kazi. Notisi ile niliisoma na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea. Ilinitaja kama "Harun Mugai", ikasema nyumba ina vyumba vinne vya kulala badala ya vitatu, na ikaipeleka mtaa mwingine, Spring Valley. Nilizungushia makosa yote matatu nikamrudishia Bw. Jamleck. Aliitazama, akasema kwa utaratibu wa ofisi yao notisi yenye kosa lazima iandikwe upya, na siku zihesabiwe upya.

Akaja na ya pili. Jina lilikuwa sawa, nyumba imerudi Kitisuru, lakini mnada ulipangwa tarehe thelathini Februari. Tukaanza kuhesabu tena. Bw. Jamleck anaumwa mgongo, kwa hiyo kila alipokuja alikaa kwenye kiti changu chenye mto, na mimi nikakaa kwenye stuli. Nilipokuwa nikiisoma notisi ya tatu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, una hakika hakuna kosa lingine?" Nikairudia mara nne. Ilikuwa safi. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuchukia maandishi safi kama yale.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka gazetini, na tangu hapo hajarudi.

3. Mmetutenga na mtoto wetu. Ken, mwana wetu wa kwanza, ni mtu wa kazi nyingi, na hatumlaumu. Hakuwa amefika nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Jumamosi aliyosikia habari za mnada alifika saa mbili asubuhi akiwa na ngazi juu ya gari. Nilimwuliza ngazi ni ya nini. Akasema hawezi kukubali nyumba ya babake iuzwe ikiwa na mifereji ya paa iliyooza. Mimi sikuona mantiki yake, lakini nilimshikia ngazi. Alitengeneza mifereji, akapaka lango rangi, akabadilisha bomba la jikoni ambalo mamake alikuwa amelifunga kwa kitambaa tangu mwaka wa 2001. Aliendelea hivyo Jumamosi sita. Barua yako ilipokuja nilimpigia simu, akafurahi sana, akasema, "Sasa mnaweza kupumzika, Baba." Tumepumzika. Bafu bado linavuja.

4. Hili ndilo kubwa, nawe unalijua nusu tu. Mwenye fleti ya Ngara anaitwa Sharif. Ni mtu wa Lamu, ana duka la vitambaa katikati ya mji. Januari Benki ilimwandikia kumpongeza kwa kumaliza mkopo wake miaka minne kabla ya wakati, ikampa na saa ya ukutani. Mkewe Nisreen aliitazama ile barua akamwambia, "Hiyo si pesa yetu. Mtafute mwenye pesa." Sharif alikuja kwenu mara tatu kueleza kwamba hajamaliza kulipa. Mara zote tatu alipongezwa. Mara ya nne Bi. Becky, kwa huruma yake, alimwonyesha nakala ya stakabadhi moja, na juu yake pameandikwa H. Mungai.

Wiki iliyofuata aliliona jina hilo gazetini, kwenye matangazo ya minada. Kama lingebaki "Mugai" angelipita. Aliuliza njia mpaka akafika langoni petu akiwa na kikapu cha halua, akasoma notisi yote, kisha akagonga. Wangeci alidhani ni mnunuzi, akaanza kumwonyesha chumba cha wageni. Yeye akasema, "Mama, sikuja kununua. Nadhani mimi ndiye nimekuwa nikilipiwa na mume wako."

Mke wangu alimwuliza kama amekula.

Kuanzia hapo unajua. Tulikuja kwenu pamoja, mimi nikidai nimelipa, yeye akidai hajalipa, na mlinzi wenu akaandika katika kitabu chake kwamba kuna wazee wawili wanaogombana. Hatukugombana hata siku moja. Tulikaa kwenye kile kiti chenu kirefu siku tano, mpaka zikabaki siku sita tu kabla ya mnada. Duka lake lilifunguliwa na mwanawe Zuhair, na chakula chetu cha mchana alikileta Nisreen kwa mikono yake. Siku ya tano Bi. Becky aliweka makaratasi ya Sharif na yangu ubavu kwa ubavu, akayatazama, akainuka akaenda ghorofa ya juu. Hakurudi kwa saa mbili. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na mkononi ana muhuri.

Matokeo yake, Sharif amerudishiwa deni lake, na mmemtaka arudishe saa. Ameirudisha. Ukutani pamebaki msumari. Nami sina tena sababu ya kushinda mjini na rafiki niliyempata nikiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

5. Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, notisi ya mnada irudishwe langoni mwangu kila mwaka, kuanzia Januari hadi Machi, na ibandikwe na Bw. Jamleck peke yake, kwa ajili ya mgongo wake. Pili, iwe na makosa yasiyopungua matatu. Tatu, malipo ya wastaafu wengine yaelekezwe mara kwa mara kwa watu wasiowajua. Kwenye njia yetu peke yake kuna nyumba tatu zinazohitaji huduma hiyo haraka: ya kanali mstaafu ambaye huzungumza na redio, ya mama mmoja ambaye watoto wake wote wako ng'ambo, na moja ambayo taa huwaka lakini sijamwona mtu. Nne, mashine yenu isirekebishwe. Tukiwaachia mafundi wakaitengeneza, watu wa Kitisuru hawatajuana kamwe.

Natumaini utalishughulikia jambo hili kwa haraka ile ile mliyotumia kunitangaza gazetini.

Nisalimie Bi. Becky sana, na mlinzi, na yule mama anayepiga deki ghorofa ya chini, aliyetusogezea kiti kila asubuhi. Wangeci anawasalimu nyote.

Wako mtiifu,

Haron Mungai

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuiandika bahasha Wangeci alipoomba kuisoma barua hii. Aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama nimewaeleza habari za katoni. Sikuwa nimewaeleza.

Tangu ile notisi ya tatu alikuwa amefungasha nyumba nzima, kidogo kidogo, nikiwa nimelala. Wiki tatu tulikula kwa sahani mbili na kikombe kimoja, na wageni waliokuja siku hizo walinywea vikombe vya kuazima kwa Bi. Nzembi. Hatukujua tungekwenda wapi. Yeye alisema kwa dadake, mimi nilisema tutaona. Barua yako ilipofika niliifungulia langoni, nikaisoma nikitafuta kosa, kwa maana nilikuwa nimeshaogopa kuamini karatasi zenu. Sikuliona. Nikashindwa kutembea kurudi ndani, nikakaa chini pale pale kwenye changarawe, na mke wangu akanikuta nalia kama mtoto.

Kwa hiyo tafadhali futa maombi yote niliyoandika hapo juu. Msibandike chochote kwetu tena maisha yetu yote. Tengenezeni mashine. Sisi tunachotaka ni hati ya nyumba yetu tu, ambayo barua yako ya mistari mitano haikuitaja. Tutaifuata wenyewe Jumatatu saa tatu asubuhi, mimi na yeye. Bado kuna katoni nne hajazifungua. Anasema atazifungua akiishika hati mkononi.