Mbegu Nilizompelekea Padre Abariki

Leo nimejivua nguo mbele ya Padre na jumuiya nzima. (Suruali ilibaki mahali pake, msiogope. Heshima ndiyo iliyoanguka.)

Mjukuu wangu Editha anafundisha kemia chuoni hapa Songea. Katika utafiti wake anachukua sorbitoli, alkoholi ya sukari itokanayo na mahindi (hailevyi, niliuliza siku ya kwanza, kwa usalama wa nyumba), anaipasha moto pamoja na punje fulani ngumu zenye asidi, nayo inageuka kuwa unga mweupe wa kutengenezea plastiki imara. Leo mchana wageni wenye kiwanda walikuwa wanakuja kuona. Kazi ikienda, utafiti unaendelea. Isipokwenda, unakufa. Jambo dogo tu, kwa hiyo mimi babu yake nikaona nichangie.

Punje hizo lazima ziwe kavu kabisa. Na kwangu mahali pakavu kuliko pote ni darini, juu ya moto wa jikoni, mke wangu anapoweka mbegu za ulezi tangu tuoane. Editha naye akaweka chupa yake huko. Mnaona tunakoelekea? Mimi sikuona.

Asubuhi ilikuwa Misa ya kubariki mbegu. Nikapeleka mkono darini, nikashusha chupa. Ndani, punje za kahawia, ndogo, za duara, zote sawasawa. Hakuna kapi, hakuna mchanga, hakuna mdudu. Nikamshukuru Mungu kwa mke hodari wa kupepeta. Kulikuwa na chupa ya pili, yenye punje zilizochanganyika na majivu. Nikaiacha. Mungu hapewi makapi! (Nilifundisha hivyo miaka yote ya ukatekista wangu. Leo nimetekeleza.)

Kanisani wenzangu walishika mbegu zao ndani ya vitambaa. Mimi nilifungua kifuniko kabisa, baraka isipate kizuizi. Padre alipofika kwangu na maji, nikainua chupa juu.

"Padre, huku ongeza kidogo."

Padre wetu ni kijana mtiifu. Akaongeza.

Baada ya Misa tukagawiana mbegu uwanjani, kama ilivyo desturi yetu. Niligawa kwa moyo mkunjufu, konzi kwa huyu, konzi kwa yule. Jirani yangu Mama Komba akatia punje mdomoni, akaiuma kupima ukavu, kama afanyavyo mkulima yeyote. Uso ukamkunjamana.

"Katekista, ulezi wako mchachu!"

"Meno yako hayo, Mama Komba."

"Meno yangu hayajakamuliwa ndimu. Onja mwenyewe!"

Nikaonja. Tena si punje moja, nilitaka kumkomesha. Ndugu zangu, macho yalijifumba yenyewe! Nikatema kwenye leso, kwa adabu zote za mzee wa kanisa.

"Vipi, Katekista?" akauliza Padre.

"Ni... ni mbegu ya zamani, Padre."

Mara bodaboda ikaingia uwanjani kwa kasi. Nyuma amekaa Editha, kila mguu na kiatu cha aina yake.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni. Babu, chupa yangu!"

"Ipi, mjukuu wangu?"

"Hiyo uliyoshika! Hizo si mbegu, Babu. Ni kichocheo changu, vipunje vya plastiki vyenye asidi!"

"Mama yangu, tumekwisha!" akalia Mama Komba.

"Hapana, bibi, kama umetema sukutua tu na maji." Akachungulia chupani. "Babu, mbona zimelowa? Maji ndiyo yanayozichosha!"

"Si maji hivi hivi, mjukuu wangu. Ni ya baraka."

"Hata ya baraka ni maji, Babu."

Halafu akaichukua chupa mikononi mwangu. "Ndizo zote nilizokuwa nazo. Wageni wako njiani."

Hapo nikaacha kujitetea. Padre akakunja mikono ya kanzu, akaamuru kila mtu arudishe. Vitambaa vikafunguliwa, kofia zikakung'utwa, Mama Komba akafumbua pindo la kitenge. Mimi nilipiga magoti vumbini nikiokota zilizomwagika. Wapita njia walidhani natubu. Hawakukosea sana. (Bibi mmoja alikuwa ameshapanda gari la Madaba na fungu lake. Tunaliombea shamba lake.)

Editha akazisuuza vumbi, akazikausha upya ndani ya oveni ya chuo kwa moto mdogo, kwani zikikauka nguvu hurudi. Wageni wakacheleweshwa kwa chai na maandazi. Mimi nikakaa nje ya maabara na rozari yangu, nikiwa sina msaada mwingine wa kutoa, na hilo liliwafurahisha wote.

Jioni akatoka anatabasamu. Kazi imekwenda! Asidi ya kichocheo kile imeng'ang'ania kwenye punje, kwa hiyo ukimaliza unachuja kama majani ya chai, unatumia tena. Ila mgeni mmoja alikuta kwenye chujio punje ya ulezi halisi, akauliza imefikaje. Editha akaeleza yote. (Nilimlea asiseme uongo. Najuta kidogo.) Wageni wakasema kichocheo kilichostahimili Misa, vumbi na viganja vya jumuiya kikabaki na nguvu, kiwandani hakitawasumbua. Utafiti unaendelea, na Mungu ashukuriwe.

Nikampigia Padre kumpa habari njema. Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Kwa hiyo naombeni ninyi msicheke. Parokia imeshawakilishwa.