Mikono Kichwani Maana Yake B

Jumatatu, 27 Aprili

Siku imeharibika saa nne asubuhi. Direktrisi Speciosa, mkuu wa lise yetu ya sekondari, ameniita ofisini kwake. Nimemkuta Akonkwa ndani, amekalia kiti ninachokaliaga mimi, anakunywa chai. Dalili mbaya!

Speciosa hakuzunguka. Amesema klabu ya maarifa ya lise yetu imeshindwa miaka miwili mfululizo nikiiongoza mimi. Jumamosi tunapambana na lise ya Gatete, hapa hapa Rumonge, uwanjani kwetu: sayansi, muziki na historia. Tukishindwa tena, klabu anapewa Akonkwa. Mwalimu wa muziki! Mtu aliyevuka mpaka kutoka Uvira, Kongo, juzi tu! Yeye amesema kwa upole kwamba hana haraka. Simwamini.

Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: bila klabu, mimi Nestori ni mwalimu wa mazoezi ya viungo, basi. Filimbi na mpira uliopasuka. Kwa ajili ya klabu watu hunisimamisha sokoni na kuniuliza mambo. Wiki iliyopita mama mmoja muuza mawese aliniuliza kwa nini umeme huonekana kabla ya ngurumo. Nilimjibu papo hapo. Sina hakika na jibu, lakini alinishukuru sana.

Siwezi kuipoteza klabu. Siwezi.

Jumanne, 28 Aprili

Mpango wa kwanza. Maswali yanatungwa na mzee Josias, mwalimu mstaafu. Nimempelekea samaki, mikeke mitatu iliyotoka ziwani asubuhi, nikasema ni salamu tu. Amesema murakoze, yaani asante. Mkewe ameikaanga, wameila mbele yangu kwa ugali, mimi nikapewa mkia. Nikasubiri. Josias akazungumzia goti lake. Nikasubiri. Saa mbili nzima za goti! Mlangoni ndipo aliponiambia kwamba swali moja linahusu ziwa letu. Kisha akafunga mlango.

Nimekwenda mbio kwa Eliana, kapiteni wa timu yetu, mwanafunzi wa miaka kumi na sita. Nimemwagiza ajifunze kina cha Ziwa Tanganyika. Amesema anakijua: mita elfu moja mia nne na sabini. Nimecheka. Zaidi ya kilomita kwenda chini! Nimemwambia asiwe na haraka ya kujua mambo. Ametazama chini, hakubisha. Mtoto ana adabu sana.

Jumatano, 29 Aprili

Sikulala. Lakini nimepata mpango wa pili, na huu ni wa akili.

Kila swali litakuwa na majibu matatu: A, B, C. Mimi nitasimama nyuma ya watazamaji. Mikono kiunoni maana yake A. Mikono kichwani, hata mmoja, maana yake B. Mikono iliyonyooshwa pembeni maana yake C. Nani atamshuku mwalimu wa mazoezi akijinyoosha? Hakuna!

Nimemfundisha Eliana peke yake. Ameniita mwalimu kwa Kifaransa, akauliza swali moja tu: “Mais Maître, na kama jibu niko nalijua?” Nimemjibu kwamba kapiteni humtazama mwalimu wake kwanza, daima. Amesema ndiyo, Maître.

Alhamisi, 30 Aprili

Balaa! Nilikuwa nyuma ya madarasa nikijizoeza, kiunoni, kichwani, pembeni, kumbe Akonkwa yuko dirishani. Ameuliza kama mgongo unaniuma. Ningesema nini? Nimesema unaniuma vibaya.

Baada ya dakika kumi amerudi na chupa ya mawese ya moto. Kwao, amesema, ndiyo dawa. Amenivua shati mwenyewe na kunikanda mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ana vidole vya chuma, vya mpiga gitaa. Sasa mgongo unaniuma kweli, na shati langu jeupe limekuwa rangi ya chungwa.

Aliponikanda alikuwa anaimba. Nimeona wazi kwamba tayari anajiona mkuu wa klabu.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimeandamana pamoja na walimu wenzangu. Sikuweza kula hata mhogo.

Baada ya gwaride nimekutana na Uledi, mvuvi, baba yake Eliana. Nilitumaini kesho atakuwa ziwani. Wapi! Mwezi ni mpevu, taa za wavuvi hazivuti dagaa, wanaume wote wako nchi kavu. “Maître, tutakuja wote,” amesema. “Mitumbwi iko mu muchanga. Na taa zetu tumepatia shule, za kuwasha mutoto akijua jibu.” Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema binti yake amesoma kila usiku tangu Januari, na kwamba ananishukuru mimi.

Nimemwambia tutashinda. Kwa nini nilisema hivyo?

Jumamosi, 2 Mei

Nitaandika yote.

Uwanja ulijaa. Kila timu maswali tisa kwa zamu, halafu moja la mwisho kwa wote. Swali letu la kwanza: kina cha ziwa. A, mita mia tano sabini. B, mia nane ishirini. C, elfu moja mia nne na sabini. Upuuzi ule ule! Nikaweka mikono kiunoni. Eliana akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema A. Josias akasema hapana.

Swali la pili: umuduri una nyuzi ngapi, mmoja, sita au nane? Sijui umuduri, kule Mishamo, makazi ya wakimbizi Tanzania nilikozaliwa, hatukuwa nao. Sikutoa ishara yoyote, naapa! Nilijifuta jasho la paji la uso tu. Eliana akasema B, sita. Wazee walicheka hadi wakashikana mabega: kumbe ni upinde wa muziki, una uzi mmoja tu.

Swali la tatu: tarehe ya uhuru wa Burundi. Hili nalijua! Tarehe mosi Julai 1962, ni A, kila mwaka naandamana siku hiyo! Lakini nikiwa mtoto Tanzania tulipangwa mistari kila tarehe tisa Desemba, mikono imenyooshwa pembeni ili kupima nafasi. Nikasikia neno uhuru na mikono ikanyooka yenyewe. Eliana akasema tisa Desemba 1961. Wageni wa mstari wa mbele wakageuka kumtazama mtoto wa watu kana kwamba kaiba.

Nikakimbilia chooni. Nikajifungia. Nikaomba radi, nikaomba mvua, nikaomba hata Gatete waharishe.

Nilipotoka, robo saa baadaye, Uledi alikuwa ananitafuta huku analia kwa furaha. Tangu nilipoondoka, Eliana amejibu maswali sita, yote sahihi! Gatete sita, sisi sita! Lilibaki la mwisho. Nami kwa furaha nikapiga kelele, nikafungua mikono ili nimkumbatie Uledi.

Nilisikia swali nikiwa bado nimeifungua. Moyo wa binadamu una vyumba vingapi: viwili, vinne au sita? Eliana alikuwa amekwisha kuwasha taa. Akageuka kunitafuta. Akaniona. Machozi yakamtoka, akasema C, sita.

Gatete wakasema vinne.

Nimemwendea baadaye. Nimemuuliza kwa nini, kama alijua. Amesema alijua yote kumi, lakini mwalimu ni mwalimu. Uledi alisimama pembeni yake, hakunipa mkono. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 3 Mei

Klabu imekwenda. Akonkwa amekuja nyumbani baada ya ibada kuniambia mwenyewe, na chupa nyingine ya mawese. Amesema wanafunzi wamealikwa kwenye mashindano Nyanza-Lac mwezi ujao, na ananiomba niwe msaidizi wake, kwa usafiri na maji ya kunywa. Ana sharti moja, limetoka kwa Eliana: timu itakaa ikiwapa watazamaji mgongo.

Nimekubali. Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa na nimegundua kosa liko wapi. Kosa ni macho! Mikono huhitaji macho, na macho huchanganya. Masikio hayachanganyi. Mtu akigeuka, masikio yake bado yako pale pale.

Kikohozi kimoja, A. Viwili, B. Vitatu, C. Nimefanya mazoezi tangu saa kumi. Jirani ameuliza kupitia ukutani kama nimeshikwa na kifua. Nimemjibu hapana, niko kazini.