Plasta Juu ya Alama Nyekundu

Jumatatu, 6 Mei

Kazi nimeipata! Shangazi wa mke wangu anaimba na bendi yake Jumamosi alasiri, kwa mara ya mwisho. Daktari amemwambia koo limechoka, aache. Miaka thelathini na mbili jukwaani na hakuna hata video moja yake.

Mke wangu alitaka aitwe Kofia, jamaa wa video wa mtaa wa pili, asiyeivua kofia hata akiwa ndani. (Anaficha nini?) Nikaieleza familia, kwa masikitiko makubwa, kwamba video za Kofia hukata watu vichwa. Sijawahi kuona video ya Kofia. Nikaongeza kwamba kamera yangu ya studio, ile ya picha za vitambulisho, inarekodi video pia. Mke wangu akauliza kama nimewahi kuijaribu. Swali la ajabu kutoka kwa mke. Shangazi akacheka, akasema basi mwachieni mkwe wangu.

Jumanne, 7 Mei

Juu ya kamera kuna gurudumu lenye vijipicha. Miaka tisa sijaligusa. Leo nimelizungusha hadi kwenye kijipicha cha sinema. Unabonyeza kitufe, inaanza. Unabonyeza tena, inaacha. Ikiwa inarekodi, alama nyekundu inawaka kwenye kona ya kioo cha nyuma. Rahisi mno. Kitu rahisi hivi lazima kina mtego.

Alikuja mama mmoja kupiga picha ya leseni, nikamwomba aimbe. Aliimba mabega sawa, masikio yote mawili yakionekana. Safi kabisa! Ila nilikuwa nimeishika kamera wima, kwa mazoea. Kwenye televisheni anaimba amelala ubavu.

Alhamisi, 9 Mei

Mazoezi ya bendi. Nani yuko ukumbini? Kofia! Eti amekuja kusikiliza tu. Mikono mitupu!

Akaja nyuma yangu, akachungulia kioo changu, akanishauri mambo matatu bila kuombwa. Spidi ya kufumba jicho la kamera niiweke hamsini, nikiipandisha sana picha itakuwa giza na taa za ukumbi zitaleta michirizi. Kidole nisikipumzishe kwenye kitufe. Na alama nyekundu niitazame kila mara, maana yeye mwenyewe iliwahi kumponza alipokuwa anaanza.

Mshindani anakupa siri zake bure? Nimelitafakari hadi chai ikapoa. Anataka niharibikiwe, hakuna jibu lingine. Kwa hiyo spidi nimeiweka elfu moja. Kidole hakitoki kwenye kitufe. Na alama nyekundu nimeifunika kwa plasta, ile ya vidonda, ili akisimama nyuma yangu asijue narekodi saa ngapi.

Jumamosi, 11 Mei

Siku imekwenda vizuri kupita kiasi.

Nilifika kabla ya wapiga ala. Nikasimama kwenye korido nyuma ya jukwaa, kamera ikining'inia kifuani, kidole kwenye kitufe. Shangazi alikuwa ameketi peke yake juu ya sanduku la spika, akiimba kwa sauti ya chini kabisa. Tukazungumza kidogo. Nikamsindikiza hadi kwenye ngazi.

Wimbo unaanza, nabonyeza. Wimbo umekwisha, nabonyeza. Nyimbo saba, sikuchelewa hata mara moja. Kofia, safu ya nyuma, alinifanyia ishara waziwazi: anagusa jicho lake, anainyooshea kidole kamera yangu. Nikampa mgongo. Wimbo wa mwisho akainua simu yake. Nilijua tu! Nikaenda kusimama kati yake na Shangazi, sikutikisika hadi mwisho. Watu walilia. Hata mpiga gitaa alilia. Mimi sikuwa na nafasi.

Jumapili, 12 Mei

Familia yote sebuleni. Shangazi kiti cha mbele, leso mkononi. Nikachomeka waya.

Viatu vyangu. Viatu vyangu kwa muda mrefu. Nikasema huo ni utangulizi. Kisha korido, giza lenye michirizi, na sauti ya Shangazi akiimba taratibu. Kidole kilikuwa kimebonyeza bila kunitaarifu.

"Mkwe, naogopa," ikasema sauti yake. "Nikishuka pale leo, kesho nitaamka nani?"

"Utaamka Shangazi," ikajibu sauti yangu. "Ila simama kushoto, kulia yuko Kofia."

Kisha nyayo, ngazi, na wimbo wa kwanza ukakatika kabla ya neno la kwanza. Ikafuata sauti ya makofi. Hapo nikaelewa. Kila nilipoanza, niliacha. Kila nilipoacha, nilianza. Nyimbo saba, hakuna hata mstari! Kati ya nyimbo ni sakafu, magoti yangu, na mimi nikinong'ona kwamba mpiga ngoma anatumwa na Kofia, na kwamba mke wangu amempungia Kofia mkono, ana lake jambo. Mke wangu alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu.

Niliona aibu. Nakiri hapa tu.

Shangazi akaomba turudi mwanzo, kwenye korido. Tukarudi mara tatu. Akafuta macho.

"Zile nyimbo watu wanazijua," alisema. "Huku kuogopa kwangu sikudhani kuna mtu angenitunzia."

Mara hodi. Kofia, na simu yake. Ameurekodi wimbo wa mwisho, sauti yote imo, safi, ni zawadi kwa Shangazi. Picha yote ni kisogo changu. Hakikukatwa hata kidogo.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu hanisemeshi, lakini chai ameniwekea. Kwa nini chai?

Shangazi ametuma ujumbe. Jumamosi niende kwake na kamera, akae kitini asimulie maisha yake yote, jinsi alivyosimulia kwenye korido. Ametaka mimi, si mwingine. Nimeshabadilisha kibao cha studio: Picha za Vitambulisho na Video za Hisia.

Kofia alipita, akakisoma kibao, akanipongeza kwa ile ya korido. Akasema safari hii nibandue plasta, akanyoosha mkono anibandulie yeye mwenyewe. Kwa upole! Huku anatabasamu!

Nimekwenda dukani mbio. Nimepata plasta pana zaidi.