Koleti ya Fundi Mhoja wa Mkuyuni

Jumatatu, 3 Februari
Nimeumbuka! Mama Agutu, mwenye boti za sangara, alileta shafti ya propela. Chaki ya mashine yangu ya kukereza, ile inayoshika chuma kikizunguka, ina meno matatu, kila jino na tabia yake. Shafti ikatoka na alama kama imeng'atwa na mbwa. Mama Agutu akauliza nimeikereza au nimeitafuna. Jirani yangu Okwach akacheka hadi akakaa chini.

Yeye ana koleti: kikombe cha chuma chenye mipasuko, kinabana shafti pande zote bila kuichubua. Aliiagiza Dar. Kila asubuhi anaifuta kama miwani.

Ijumaa Mama Agutu ataleta shafti nyingine. Nikiharibu, boti zake zote zinahamia kwa Okwach.

Siagizi kitu. Natengeneza yangu!

Jumanne, 4 Februari
Nimepata ekseli ya Fuso iliyokufa. Nimeichonga kama faneli; inaingia kwenye tundu la umbo hilohilo, ukikaza nati inabana. Okwach akachungulia, akasema mchongoko ni mwembamba mno, niupanue, la sivyo itanasa. Nikamshukuru. Wivu mtupu! Nikaupunguza zaidi.

Jumatano, 5 Februari
Nimepasua kwa msumeno. Mpasuko wa mwisho umekata kona. Nimeamua huo ni mtindo.

Alhamisi, 6 Februari
Leo kuikomaza kwa moto, iwe ngumu. Mke wangu Odeta alikuwa kwenye kwaya, jiko lake la mkaa likawa huru. Chuma kikawa chekundu, kikahitaji mafuta ya kutumbukizwa. Ya injini yameisha. Ya alizeti yapo.

Odeta aliporudi akauliza mbona nyumba inanuka chipsi za gereji. Nikasema ni utafiti. Nimekula ugali mkavu.

Ijumaa, 7 Februari
Ushindi! Shafti ilizunguka bila kuyumba hata kidogo. Mama Agutu akapitisha kidole, hakukuta alama hata moja. Okwach mwenyewe akasema, "Safi, Mhoja." Nikainamisha kichwa kama mheshimiwa.

Kisha nikalegeza nati.

Shafti haikutoka. Nikagonga. Nikachukua nyundo kubwa. Nikamwagia mafuta. Nikasali. Mama Agutu akasema boti inatakiwa majini jioni, wavuvi wanasubiri. Kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Shikamoo, mama, kidogo tu."

Akasema, "Marahaba nilishakupa asubuhi. Nipe shafti yangu."

Okwach akaja na mashine ya kukatia chuma. Akaikata koleti yangu taratibu, shafti asiiguse hata kwa bahati mbaya. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoumia.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada Okwach amekuja nyumbani. Kazi za boti zote za Mama Agutu sasa ni zake, lakini zimemzidi. Anaomba tusaidiane, nitumie koleti yake. Odeta akaitikia ndiyo kabla sijafungua mdomo. Nami nikakubali, kwa heshima. Ni wazi ananiogopa.

Lakini wakati wa mahubiri nilikuwa nawaza. Chuma kinachong'ang'ania namna ile, mwizi gani atakitoa? Kule Kamanga watu wanalia kuibiwa mashine za boti. Natengeneza koleti kubwa ya kubania mashine kwenye boti, mchongoko mwembamba zaidi! Ya kwanza naifunga Jumatano kwenye mashine ya boti ya shemeji yangu Yeremia.

Sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.