Seti Moja ya Kweli

Injinia hakuwa injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliponunua kofia ngumu ya njano, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, akakizoea. Asubuhi hiyo alipoona saluni imejaa wateja wenye vichwa vilivyolowa, umeme umekatika na mama mwenye saluni ameshika kiuno, moyo ulimruka kwa furaha. Riziki hiyo!

Kazi yake ilikuwa rahisi kiasi cha kumtia aibu. Alikuwa na seti moja tu ya kweli: paneli mbili, betri, na inveta ya kugeuza umeme wake uwe wa nyumbani, iliyokuwa ikiendesha friji ya mkewe. Kila mara aliibeba, akaonyesha, taa ikawaka, mteja akalipa. Kisha alimfungia mteja paneli mbovu na boksi la mchanga lililoandikwa "betri", akaunganisha kila kitu na umeme wa nguzo. Mpaka umeme ukatike na mteja agundue, Injinia alikuwa ameshabadilisha laini ya simu. Mkewe alijua yote, naye alitoa onyo moja tu: "Seti yangu ikipotea, na wewe potea nayo."

"Mama, umeme wa jua uko wa aina tatu," alianza, akitandaza paneli uani. "Kuna unaotegemea nguzo. Hauna betri. Unapunguza bili, lakini umeme ukikatika nao unajizima, usije ukampiga shoti fundi aliyepanda nguzoni. Kuna unaojitegemea kwa betri. Na kuna mseto, huu hapa. Nguzo zikiwapo unazikubali, zisipokuwapo hauzililii."

"Makubwa! Mimi jua nalijua kwa kuanikia taulo," alisema mama. "Yaani hata pasipo na nguzo kabisa unawaka?"

"Miaka na miaka!" Hakuwa na hakika, ila mdomo wake haukuwahi kumsubiri.

Taa ikawaka, redio ikaimba, wateja wakapiga makofi.

"Niachie hii hii mpaka kesho niijaribu," mama alisihi. "Chukua jenereta yangu iwe dhamana. Haina mafuta, lakini ni mpya."

Injinia nusura acheke. Jenereta ya bure, na kesho anabadilisha betri kwa mchanga! Aliisukuma kwa mkokoteni mchana kweupe, mtaa mzima ukimwona.

Kesho yake saluni ilikuwa tupu. Mlangoni alisimama mwenye nyumba aliyempangishia mama.

"Ndiye huyo!" muuza vocha alipiga kelele. "Ndiye aliyebeba jenereta yako!"

"Nimetapeliwa!" Injinia alisema. Neno hilo halikumkaa vizuri mdomoni. Alipewa mpaka adhuhuri kuirudisha jenereta. Akampigia simu mama wa saluni. Akapokea! Mama hakuona hata haja ya kubadilisha laini.

"Injinia wangu! Niko kwetu kijijini, huku nguzo hazijafika. Niliogopa itagoma, kumbe inanyoa vichwa tangu asubuhi. Ulinieleza vizuri, Mungu akubariki."

Injinia alikuwa amepanga kutukana. Miaka saba katika biashara, hakuna mteja aliyewahi kumshukuru.

"Betri umeiweka kivulini?" aliuliza.

"Iko juani, pembeni ya paneli."

"Itoe hapo, mama, itakufa."

Akakata simu, akalia mbele ya mwenye nyumba. Alilia kwa kuwa hakuwa na pa kurudi bila seti ya mkewe na, aibu iliyoje, kwa kuwa alikuwa amefurahi.