Geji Isiyotikisika

Jumatatu, 7 Julai

Siku njema kabisa! Mama Martine, mwenye kiwanda cha sabuni hapa Bwera, katuita uani watu wawili: mimi Achille, na Tumukunde, fundi wa Kasese mwenye ovaroli yenye mifuko mingi kuliko vifaa vyake. Mama ana matangi mawili ya mawese, na hajui mna kiasi gani ndani mpaka mtu apande ngazi achungulie. Amechoka. Kila mmoja wetu afunge geji kwenye tangi moja. Jumamosi lori la mawese linafika kutoka Mpondwe. Ambaye geji yake itasema kweli siku hiyo anapata kazi ya kudumu, pamoja na chumba cha nyuma ya stoo. Chumba chenye dirisha!

Nikikosa, narudi Kahendero kwa shangazi Alisi kukausha samaki. Shangazi kashanishonea aproni. Mara ya mwisho nilinuka moshi mpaka kanisani watu walinihama benchi. Sirudi ng'o.

Jumanne, 8 Julai

Yangu tayari, kabla hata ya chakula cha mchana. Mrija wa kioo umesimama ubavuni mwa tangi, umeungwa nalo chini na juu. Mawese yakipanda ndani, yanapanda na mrijani, unayaona kwa macho yako. Sasa hivi yamesimama robo. Mama Martine kaangalia, kasema, "Ah, iko muzuri." Naandika neno kwa neno.

Tumukunde naye akaja kunusa. Huyu kila sentensi anaianza na "kitaalamu". Kitaalamu, ndani ya tangi kuna bomba la mvuke, ndiyo maana mawese hayagandi. Kitaalamu, huku nje baridi ya mlimani ikishuka alfajiri, yaliyomo mrijani yataganda. Akanipa kibomba cha shaba, eti nipitishe mvuke kando ya kioo. Wivu mtupu! Anataka nitoboe bomba la mvuke niungue mikono. Nilikipokea kwa adabu. Kitafaa kutundikia pazia chumbani kwangu. Nimekwenda kukipima dirishani: kinatosha barabara.

Jumatano, 9 Julai

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Tumukunde kamaliza geji yake. Boya linaelea juu ya mawese, kamba yake inapita kwenye kapi juu ya tangi, inashuka nje, na mwisho wa kamba kuna kishale kinachotembea kwenye ubao. Haya, vizuri. Lakini juu ya ubao kaandika TUPU, na chini kaandika LIMEJAA! Jamani! Hata mtoto wa chekechea anajua kilichojaa kiko juu.

Afande Bright, mlinzi wetu wa geti, alikuja mbio na rungu akidhani nimeshikwa na kifafa. Nikamwonyesha ubao. Akautazama sana. Kisha akaniamuru nifunge mdomo, nirudi kazini, upesi.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Martine kashinda Mpondwe na karatasi za forodha. Huku nyuma vijana wa kiwanda wamemwaga mapipa yote ya stoo kwenye tangi langu, tangu asubuhi hadi jioni. Na geji yangu? Robo. Haikutikisika! Imekaa pale pale tangu jana alfajiri, rangi ya machungwa, imetulia kama siagi.

Kishale cha Tumukunde kutwa kinahangaika. Tangi lake ndilo linalotumika kupikia sabuni. Mawese yanapungua, na kishale kinapanda. Kinapanda! Nilimwonea huruma kweli.

Kuhusu yale mapipa, nimewaza sana. Nimepata jibu: tangi langu ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Ijumaa, 11 Julai

Tumukunde kaenda Kasese kwenye mazishi. Ningeweza kumwacha aaibike kesho mbele ya watu. Lakini mimi sina roho mbaya. Tena, anayemsahihisha mwenzake ndiye anayeonekana mkubwa. Nikachukua rangi na brashi. TUPU sasa iko chini, LIMEJAA iko juu, kama Mungu alivyopanga. Kishale kiko juu kabisa. Inapendeza!

Nikamwambia Mama Martine kwamba nimemsitiri kijana. Akauliza kama nina hakika. Nikaweka mkono kifuani. Akaniombea baraka. Mchana nikatundika pazia.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike tu.

Lori lilifika saa nne. Mama Martine akasoma geji zote mbili: tangi la Tumukunde limejaa, langu robo. Akaamuru yote yamwagwe kwangu. Nilisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, kama mkwe siku ya harusi. Pampu ikanguruma. Mara kifuniko cha juu kikainuka chenyewe.

Banange! Mawese yaliteremka pande zote, mengine juu ya paa la stoo, yakajaa uani, yakaelekea barabarani. Afande Bright akayapigia kelele: simama, rudi nyuma! Hayakutii. Akateleza mpaka getini kwa makalio, rungu juu.

Tumukunde akashuka kwenye boda wakati huohuo. Akatazama ubao, akauliza nani kafanya hivi. Vidole vyote vikaja kwangu, na changu pia kilianza kuinuka. Mama Martine akasema, "Achille, weye iko mutu ya namna gani?" Nikamwonyesha mrija: bado robo! Tumukunde akaufungua, akaingiza waya, akatoa mawese yaliyoganda, marefu kama mshumaa wa Pasaka.

Niliona aibu. Niliogopa pia. Mpaka sasa nasikia harufu ya samaki, na hakuna anayepika samaki.

Jumapili, 13 Julai

Nimesugua ua kwa majivu na maji ya moto, bila kuambiwa na mtu. Wanawake wa mtaa walikuja na sufuria, wakachota yaliyonaswa safi kwenye paa la stoo. Bwera nzima inakaanga! Patience, muuza mandazi wa ng'ambo ya barabara, kaniletea mawili, kasema hajawahi kupata mafuta kirahisi hivi. Nikayala juani, nimekaa kwenye ngazi. Matamu kweli.

Jumatatu, 14 Julai

Kazi kapewa Tumukunde. Chumba pia. Pazia langu limeanguka kwa sababu kaking'oa kile kibomba cha shaba, kakifunga kando ya mrija. Mawese sasa yanapanda na kushuka humo ovyo ovyo, bila msimamo.

Lakini Mama Martine ana moyo. Aliona nilivyosugua. Kasema geji peke yake haitoshi, lazima mtu apande kila alfajiri, achovye ufito kwenye tangi, asome mahali mawese yalipofika, na aandike ubaoni kwa chaki. Mtu huyo ni mimi! Nitalala kwenye kibanda cha getini na afande Bright. Kwa hiyo geji zinakaguliwa na nani? Na Achille. Shangazi Alisi nimemtumia ujumbe kwamba aproni ampe mwingine.

Leo nimepanda mara ya kwanza. Ngazi ni ndefu, na baridi ya alfajiri si mchezo. Nikachovya kwenye tangi langu, nikasoma nusu, maana mengine yalihamishiwa la Tumukunde, nikauegemeza ufito ukutani. Baada ya chai nikauangalia tena. Mawese yameganda juu yake, alama haijasogea hata kidogo! Nusu safi, inasomeka ukiwa chini.

Basi ya kupanda kila siku ni ya nini? Nimeandika nusu mpaka Ijumaa. Lori lingine linafika Alhamisi.