Mayai Themanini na Manne, na Bado Tunalowa

Kwako Mama Mkuu wa watawa wa Mtakatifu Klara, mlimani Bulalakaw,

Shikamoo kwa heshima zote. Mimi ni Rosalinda Bagacina wa Tabgon, yule mjane aliyefika langoni kwenu mara tatu na kikapu. Leo nimekuja na malalamiko.

1. Juni nilileta mayai kumi na mawili, kama mila yetu inavyotaka, ili harusi ya mwanangu Ligaya isinyeshewe. Kimbunga kikaja siku ileile. Nikasema si neno, watawa wana shughuli nyingi.

2. Agosti nikaleta ishirini na manne. Upepo ukaezua kanisa, na Padre Anselmo akakataa kufungisha ndoa bila paa.

3. Sasa ni Oktoba, nimeleta arobaini na nane, na maji yako magotini. Jirani yangu Pacing akauliza nilileta mayai gani. Nikamwambia ya bata, makubwa, masafi. Akashika kiuno: "Wee Linda, tangu lini bata akaombea watu jua?"

Jamani, Mama! Sista wa langoni hakuyaona? Alishindwa nini kuniambia nilete ya kuku? Au yalikuwa matamu mno?

4. Mchumba, Nestor, ni baharia. Jumatatu anapanda feri kuifuata meli yake, miezi kumi. Ligaya ana miaka thelathini na minne na gauni limeanza kuota kuvu. Harusi ni kesho Jumamosi. Ikishindikana, naogopa Nestor hatarudi kwetu tena.

5. Kwa hiyo nataka jua kesho, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. La sivyo, mnirudishie mayai yangu yote. Kama mmeshayala, shukeni wenyewe, masista wote kumi na mmoja, mje mtushikie miavuli. Najua hamruhusiwi kutoka. Ombeni ruhusa Roma.

Nisalimie masista wote, hata yule wa langoni.

Ni mimi mwanao niliyelowa chapachapa,
Rosalinda

Nyongeza, Jumapili: Barabara imekatika, barua haijaondoka, na nashukuru. Jana kijiji kizima tulihamishiwa shuleni, Padre naye, maana kwake maji yalipanda kitandani. Akatazama juu, akaona paa. Akawafungisha ndoa palepale, darasa la tatu. Watu mia mbili niliowanyima kadi wakapiga vigelegele, tukala samaki wa kopo wa msaada. Ligaya alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba yake.

Feri ya kesho imefutwa. Mama, nakupigia magoti: mvua isikatike walau wiki mbili.